Kutoka kitabu cha kazi cha 1922 hadi franga 21,500: sheria ya kazi ilivyopita kwetu Lualaba



Tangu serikali itoe dekre ya Mei 30, 2025 juu ya SMIG, yaani mshahara wa chini kabisa ambao sheria inaruhusu, swali moja linarudi kila mara: "Mimi ninafanya kazi ya siku kwa siku, sina kontra, sina karatasi. Dekre hiyo inanihusu?"

Jibu fupi ni ndiyo. Lakini jibu hilo watu wengi hawaliamini, na wana sababu. Katika Katanga yetu ya zamani, ambayo leo sehemu yake ni jimbo la Lualaba, kila mara sheria ya kazi ilipopanuka, watu walioihitaji zaidi walijikuta nje ya mlango. Tuangalie mambo yalivyokwenda, tangu wazee wetu hadi leo.

Wakati wa kitabu cha kazi

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Shaba ilikuwa nyingi, lakini watu wa kuichimba walikuwa wachache. Mwaka 1910 ikaundwa ofisi ya kutafuta wafanyakazi, Bourse du Travail du Katanga. Mawakala wake walizunguka vijijini, mara nyingi wakipitia kwa machifu, na vijana wengi walipelekwa migodini bila kuulizwa kama wanataka. Wengine walitoka mbali: Kasai, Rwanda-Urundi, Angola na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Ukisikia mtu anasema katika inchi ya shaba kuna "wenyeji" na "wageni" wa kazi, kumbuka kwamba tangu mwanzo migodi hii iliendeshwa na watu waliotolewa kwao.

Machi 16, 1922 Wabeljiji waliweka dekre juu ya kontra ya kazi kati ya mtu mweusi na bwana wake mzungu. Ilikuwa na mambo mazuri kwa macho: kontra iwe na muda, bwana alipe, bwana atoe chakula na mahali pa kulala. Lakini ilikuwa na meno upande mmoja zaidi. Mfanyakazi aliyeacha kazi kabla ya kontra kwisha aliweza kutiwa gerezani. Kitabu chake cha kazi kilionyesha yeye ni nani na ni wa bwana gani. Karatasi ilikuwepo, ila ilimlinda tajiri kuliko ilivyomlinda mfanyakazi.

Karibu na mwaka 1928 Union Minière ilianza kuwaweka watu kwa kontra za miaka mitatu pamoja na wake na watoto wao, maana kila mara kutafuta watu wapya kuligharimu sana. Ndipo kambi za wafanyakazi zilipokua, na posho, shule na hospitali. Mwaka 1931 njia ya reli kutoka Tenke ilifika mpaka wa Dilolo na kuungana na reli ya Benguela inayokwenda bandari ya Lobito. Kituo cha Mutshatsha kiko juu ya njia hiyo, na mji wetu ulikua pamoja nayo.

Desemba 1941

Wakati wa vita ya pili ya dunia, shaba yetu ilihitajika sana, na kazi ikaongezwa. Bei ya vitu ilipanda, mshahara ukabaki nyuma. Wazungu wa Union Minière waligoma kwanza. Desemba 1941 wafanyakazi weusi nao wakagoma, Likasi na Lubumbashi, miji ambayo wakati ule iliitwa Jadotville na Elisabethville. Waliomba jambo moja: nyongeza ya mshahara.

Desemba 9, 1941, wagomaji walikuwa wamekusanyika katika uwanja wa mpira Lubumbashi. Gavana Amour Maron alifika na askari. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba ya wenzake, alikataa kuwaambia warudi kazini bila jibu. Aliuawa pale pale, na askari wakapiga risasi katika umati. Makumi ya watu walikufa.

Ninawakumbusha hayo kwa sababu sheria zilizofuata hazikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni iliruhusu sendika za weusi, chini ya uangalizi mkali. Kuelekea mwisho wa ukoloni zikaja sheria za pensheni na za uhuru wa kuunda sendika. Sendika unayoijua leo, na mjumbe wa wafanyakazi unayemchagua kazini kwako, vina mizizi katika uwanja ule.

Baba na mama

Mwanzoni mwa 1967 Mobutu alichukua mali ya Union Minière, na kampuni ya Leta ikazaliwa, ile ambayo baadaye tuliijua kwa jina la Gécamines. Agosti 9 ya mwaka ule ule ikatoka Kode ya Kazi ya kwanza ya Kongo huru. Sheria moja ilisimama kwa ajili ya wafanyakazi wote wa kampuni, bila kutenganisha mweusi na mzungu.

Wazee wetu wanakumbuka miaka ile kwa heshima. Kampuni ilitoa nyumba, unga, matibabu, shule ya watoto. Watu walisema kampuni ndiyo baba na mama. Upande mwingine, sendika ilikuwa moja tu, ya chama kimoja, na haikuweza kumpinga mwenye chama. Mfanyakazi alilindwa mradi kampuni iko hai na mkubwa ameridhika.

Tena haikuwa amani siku zote. Machi 1977 wapiganaji wa FLNC waliingia kutoka Angola, na mwisho wa mwezi ule wakaikamata Mutshatsha. Jeshi la Zaire pamoja na Wamoroko waliirudisha karibu mwezi mmoja baadaye. Mei 1978 ikawa zamu ya Kolwezi. Familia nyingi zilikimbilia porini na nje ya inchi. Mtu akikimbia na mtoto mgongoni, kitabu cha kazi kinabaki ndani ya nyumba. Familia zilizohamishwa leo zinajua vizuri ninachosema.

Kisha baba na mama wakaugua. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Mwaka 1992 na 1993 ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Walikaa vituoni wakisubiri treni, na wengi walikufa njiani. Wengi wao walikuwa na kontra halali na miaka ya kazi iliyohesabika. Hakuna sheria iliyowashika mkono. Kufikia 1994 kampuni ilitoa karibu tani 30,000 tu.

Mwaka 2003, baada ya miezi mingi bila mshahara, zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka Gécamines katika mpango wa "kuondoka kwa hiari" uliogharimiwa na mkopo wa Benki ya Dunia. Walipewa pesa ya mara moja. Wengi walilalamika, na wengine wanalalamika hadi leo, kwamba hesabu ile haikufuata dekonti ya sheria. Lakini walikuwa wametia saini. Mwenye njaa akiwekewa karatasi na pesa mezani, hiari yake ni ndogo.

Kode ya 2002: sheria nzuri, mlango wa pembeni

Mwaka 2002 ndio uliozaa dunia ya kazi tunayoishi sasa. Julai 11 ilitoka Kode ya Migodi, iliyofungua mlango kwa kampuni za kigeni. Oktoba 16 ilitoka Kode mpya ya Kazi, sheria namba 015/2002. Hiyo ndiyo inayotumika hadi leo, pamoja na marekebisho yake. Inamhusu kila mfanyakazi na kila mwajiri: kampuni ya mgodi, mwenye duka sokoni, mwenye famasia, mwenye shamba. Wasiohusika ni askari, polisi, mahakimu na maajenti wa Leta, ambao wana sheria zao.

Kode hiyo ina mambo ambayo ningependa kila kijana wa Mutshatsha ayajue kwa kichwa.

La kwanza, kifungu cha 40. Mtu anayeajiriwa siku kwa siku, akishafanya siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla ya miezi hiyo kwisha, kontra yake mpya inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho. Haijalishi mwajiri anakuitaje.

La pili, Kode inasema kontra ya muda maalum haiwezi kupita miaka miwili. Na kama mfanyakazi ameoa au ameolewa naye anaishi mbali na familia yake, haiwezi kupita mwaka mmoja. Baba uliyeiacha familia mbali ukaja kutafuta kazi hapa, mstari huo uliandikwa kwa ajili yako. Tena kifungu cha 41 kinakataza kontra za namna hiyo kufuatana bila mwisho: haziwezi kupita mbili kwa mwajiri mmoja.

La tatu, kifungu cha 44. Kontra inapaswa kuandikwa. Kama haikuandikwa, sheria inaichukua kuwa ya muda usio na mwisho mpaka ithibitishwe vingine. Na mfanyakazi anaweza kuthibitisha kazi yake kwa kila njia: mashahidi, beji, ujumbe wa malipo kwenye simu, orodha ya waliohudhuria. Mwaka 1922 karatasi ilikuwa kamba ya mfanyakazi. Mwaka 2002 sheria ilisema kukosekana kwa karatasi kusimuumize yeye.

La nne ni preavi. Mwajiri anayekuachisha kazi ya muda usio na mwisho, bila kosa zito lako, anapaswa kukupa preavi ya siku 14 za kazi, pamoja na siku 7 kwa kila mwaka uliotimia. Aliyefanya miaka mitano ana siku 49. Na kabila, dini, asili au mimba si sababu halali ya kumfukuza mtu. Baada ya mambo ya 1992, mstari huo si mapambo.

Sheria nzuri, basi. Lakini pembeni yake ulikuwepo mlango mwingine: sutretansi. Kampuni kubwa inaajiri watu wachache kwa jina lake, kisha inapeleka kazi kwa kampuni ndogo, na kampuni ndogo inachukua vijana kwa siku au kwa mwezi. Novemba 2021 shirika la RAID la Uingereza pamoja na CAJJ la Kolwezi walitoa ripoti juu ya migodi mitano mikubwa ya kwetu. Walikadiria kwamba asilimia 57 ya wafanyakazi waliajiriwa kupitia sutretansi. Walipiga pia hesabu ya pesa ya kuishi vizuri kwa familia: dola 402 kwa mwezi. Wengi wa sutretansi hawakuifikia.

Serikali iliona tatizo, ila iliangalia upande mmoja. Sheria namba 17/001 ya Februari 8, 2017 iliweka sutretansi mikononi mwa kampuni zenye mtaji wa Wakongo kwa wingi, na kusema kazi inayotolewa nje isipite asilimia 40 ya thamani ya soko. Ni jambo jema kwamba pesa ibaki inchini. Lakini mfanyakazi asipolipwa na tajiri Mkongo, njaa yake ni ile ile kama asipolipwa na mgeni.

Siku moja ya Julai

Julai 15, 2016 zilitiwa saini sheria kadhaa kwa siku moja. Moja ilirekebisha Kode ya Kazi, ikiongeza usawa wa mwanamke na mwanaume kazini. Nyingine ilirekebisha Kode ya Familia ya 1987, ambayo ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kufanya tendo la kisheria. Ruhusa hiyo iliondolewa. Ya tatu ilibadilisha mambo ya pensheni, na INSS ya zamani ikawa CNSS. Ya nne ilihusu maajenti wa Leta.

Kwa CNSS hesabu ni hii: katika kila mshahara, mfanyakazi anakatwa asilimia 5, na mwajiri anaongeza asilimia 13 juu yake. Mama na baba mnaokatwa ile 5 kila mwezi, ulizeni kama imefika CNSS pamoja na ile 13. Isipofika, uzee wenu ndio utakaolipa.

Franga 7,075, halafu 14,500, halafu 21,500

Sasa turudi kwenye SMIG. Mwaka 2008 iliwekwa kwa franga 1,680 kwa siku. Ilikaa miaka kumi. Mei 22, 2018 ikapanda hadi 7,075, ambazo wakati ule zilikuwa zaidi ya dola 4. Ikakaa tena miaka saba. Franga ilishuka, unga ulipanda, na mwanzo wa 2025 zile 7,075 hazikufika hata dola 3.

Dekre ya Mei 30, 2025 ilipandisha kwa hatua mbili: franga 14,500 kwa siku, halafu 21,500 kuanzia Januari 2026. Kwa mwezi wa siku 26 za kazi, hesabu ya zamani ilikuwa franga 183,950. Ya hatua ya kwanza ni 377,000. Ya hatua ya pili ni 559,000. Na hiyo ni ya manévri, mfanyakazi wa ngazi ya chini kabisa. Mwenye ufundi anapaswa kupata zaidi. Tena ni kwa saa za kawaida: sheria inasema saa 45 kwa juma. Zikipita, saa sita za kwanza zinaongezwa asilimia 30, zinazofuata asilimia 60, na za siku ya mapumziko asilimia 100.

Waajiri wadogo wa hapa wanasema: "Mimi nina duka moja, nitatoa wapi?" Swali lao si la kudharau. Duka la Mutshatsha halina shaba chini yake. Lakini mgodi wa Kamoa, ulioanza kutoa shaba Mei 2021, uko ndani ya teritwari yetu, na malori ya kampuni kubwa na ndogo yanapita mbele yetu. Kampuni inayosafirisha shaba duniani haiwezi kujificha nyuma ya umaskini wa mwenye duka. Kama kampuni ndogo inapewa soko kwa bei ambayo haitoshi kulipa SMIG, anayejua hesabu hiyo ni yule anayetoa soko.

Hatari ninayoiona ndiyo ile ile ya siku zote. SMIG ikipanda, kishawishi cha kumwita mtu "wa siku" kinapanda nayo. Tayari mnatueleza: mtu anafanya majuma matatu, anaambiwa apumzike, anarudishwa kwa jina la kampuni nyingine, getini ni lile lile, kapita ni yule yule. Na anayekubali haraka ni yule asiye na shamba wala ndugu karibu: familia zilizohamishwa. Sheria haiulizi ulitoka wapi. Anayeuliza ni yule anayetaka kukulipa kidogo.

Kwa hiyo, wewe uliyeuliza swali, fanya hivi. Nunua daftari. Andika kila siku uliyofanya kazi, mahali, jina la kampuni na la kapita, na pesa uliyopewa. Usifute ujumbe wa malipo katika simu yako. Mpe mtu mwingine nakala, maana ukihamishwa tena daftari linaweza kupotea. Siku 22 zikitimia, unajua umesimama wapi. Ukidhulumiwa, nenda kwanza kwa inspekteri wa kazi; ndiye anayewaita ninyi wawili mpatane, na tribinali haipokei shauri la kazi la mtu mmoja kabla ya hapo. Usichelewe: mshahara usiolipwa unadaiwa ndani ya mwaka mmoja, madai mengine mengi ya kontra ndani ya miaka mitatu.

 Ninyi mnayo sheria inayowakubali bila kitabu. Wenye sendika, wenye avoka, walimu mnaosoma vizuri Kifaransa: kaeni na vijana hawa, muwasomee kifungu cha 40 na cha 44 kwa lugha wanayoielewa. Wazee wa 1941 waliomba nyongeza ambayo hakuna sheria iliyowaahidi. Hii ya leo imeshaandikwa, na kila siku inayopita bila kudaiwa inahesabiwa upande wa asiyelipa.